Umevuta Waya na Mtandao Bado Unakatika? Tafuta Kwanza Unakatikia Wapi

Wengi wanaotuuliza kitengo cha TEHAMA kwa nini mtandao wa waya unakatika, awe anafanyia kazi nyumbani Kisasa, Ilazo au Nkuhungu hapa Dodoma, huwa wameshatoa hukumu: mkosaji ni kampuni ya intaneti. Huenda ni kweli. Ila kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja, jua kama mtandao unakatikia kati ya kompyuta na ruta (kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani), au kuanzia ruta kwenda nje.

Kipimo chake ni bure. Zima wifi ya kompyuta, la sivyo itahamia huko kimyakimya na kukudanganya. Kwenye Windows, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) na uandike ping 192.168.1.1 -t, amri inayoiuliza ruta tena na tena kama ipo. Hiyo ni anwani ya ruta nyingi. Ya kwako kwa kawaida imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Fungua dirisha la pili, andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni anwani ya Google, iliyo nje kwenye intaneti), kisha endelea na shughuli zako. Mtandao ukikatika, tazama madirisha yote mawili. Ruta ikijibu huku la pili likiwa kimya, waya wako wa ndani hauna kosa. Yakinyamaza yote mawili, tatizo unalo nyumbani.

Likiwa nyumbani, anza na waya. Ndani yake mna nyuzi 8, yaani jozi 4. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, wakati gigabiti moja inazihitaji zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja ukilegea, mara nyingi mtandao haufi: unashuka kasi, au unakatika sekunde chache na kurudi. Kompyuta ikionyesha 100 wakati yenyewe na ruta ni za gigabiti, shuku waya huo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kichwa, yaani ile plagi ya mwisho wa waya. Kuna mafundi wanaopanga rangi wapendavyo, mradi pande zote mbili zifanane. Hapana. Pini ya 3 na ya 6 lazima zishikwe na nyuzi zilizosokotwa pamoja. Ukizitenganisha, jozi zinaingiliana na data inapotea. Mpangilio uliozoeleka ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kile kiulimi cha plastiki nacho kikivunjika, kata kichwa ubane kipya; kukifunga kwa selotepu ni kuahirisha tu.

Dukani, uliza waya wa shaba tupu. Ule wa bei ya chini sana mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na hukatika ukikunjwa mara chache. Kwaruza uzi kwa wembe: chini ya wekundu ukiona weupe, umejua. Kwa daraja la waya, Cat5e au Cat6 inatosha, mradi waya hauzidi mita 100. Kuuziwa Cat8 kwa nyumba ya vyumba vitatu ni kutupa hela.

Waya wa ndani usipitishwe nje. Jua la Dodoma hulikausha ganda lake likapasuka, na mvua za Desemba zikianza maji huingia. Nje tumia ule wa ganda jeusi uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Ndani nako usiufunge pamoja na nyaya za umeme.

Taa zote za ruta zikizima kwa pamoja na kuwaka tena, uache waya; tazama adapta na soketi.

Kama waya wako unatoka nyumba kubwa kwenda vyumba vya uani, radi zikinguruma chomoa pande zote mbili. Kuzima ruta peke yake hakutoshi, maana umeme wa radi hupita kwenye shaba ile ile na kuunguza tundu la mtandao. Fiba ya kioo haipitishi umeme, hivyo kwa kipande hicho cha nje ni chaguo bora ukiimudu.