Dawa ya ng'ombe kwa upele wa mtoto

Katika wilaya za wafugaji za Uganda, kuanzia Kiruhura hadi Nakasongola, dawa ya mifugo mara nyingi iko karibu kuliko kituo cha afya. Ng'ombe wakishanyunyiziwa dawa ya kupe, maji ya dawa yaliyobaki kwenye ndoo huogeshewa mtoto mwenye upele, ule mwasho unaoletwa na vidudu vidogo vinavyochimba ngozi. Wengine humwomba anayechoma ng'ombe sindano awapimie kidogo ya ivermectin, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Hoja yao: ni rahisi, na jirani alipona.

Jirani huenda alipona kweli. Ivermectin ni dawa ya watu pia. Waganda wengi wamemeza vidonge vyake katika kampeni za kupambana na usubi. Shida ni kipimo. Ile ya sindano ya ng'ombe aghalabu ina miligramu 10 kwa mililita, na binadamu hupewa mikrogramu 200 tu kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 akinyweshwa mililita moja amezidishiwa zaidi ya mara nne, na kwa kawaida walio chini ya kilo 15 hawapewi kabisa.

Dawa ya kupe inanitia hofu zaidi. Amitraz, mojawapo ya dawa hizo, ikipenya mwilini, mtoto husinzia, hulegea, na mapigo ya moyo hupungua. Zile za jamii ya organofosfeti humtoa mate na jasho, mboni za macho husinyaa, pumzi hubana. Ngozi iliyochubuka kwa kujikuna huzipitisha upesi. Tena, kwa kuwa kupe wa magharibi mwa nchi wamekuwa sugu kwa dawa, baadhi ya wafugaji huchanganya dawa mbili kwenye ndoo moja. Daktari atakayempokea mtoto huyo atabahatisha. Ikishatokea, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali, na uibebe chupa.

Sidhani bei ndiyo sababu kubwa ya watu kuikimbilia ndoo. Losheni ya benzyl benzoate, dawa ya upele ya kupaka, ni ya bei nafuu, na vituo vya serikali viliacha kutoza ada mwaka 2001, ingawa sote tunajua dawa huisha kwenye rafu. Kinachowakatisha watu tamaa ni mwasho. Wadudu wakishakufa, ngozi inaweza kuendelea kuwasha kwa wiki mbili hadi nne, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yao. Mama anaona mtoto anajikuna, anasema dawa ya hospitali imeshindwa, anaifuata ndoo. Wakati mwingine imeshindwa kweli: alipakwa mtoto mmoja, wenzake wanaolala naye mkeka mmoja wakaachwa. Nyumba nzima ipakwe siku moja, hata wasiowashwa, na nguo na mashuka yafuliwe siku hiyohiyo. Kwa mtoto mchanga na mjamzito, muulize kwanza mhudumu wa afya.

Na kama ni mabaka ya duara, huenda ni choa, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na fangasi. Dawa ya kupe haiugusi. Tumia krimu ya clotrimazole mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, hata baka likififia mapema.