Je, wajua? Gari la daktari linaweza kuwa limechoka kuliko la afisa mauzo

Pitia matangazo ya magari ya mkononi Dar es Salaam, hutafika mbali kabla hujakutana na daktari. "IST ya daktari, haijawahi kuguswa rangi, ni kuwasha na kuondoka, maongezi yapo." Daktari akikosekana yupo mwalimu, yupo mama mtu mzima, yupo mzungu anayerudi kwao mwisho wa mwezi. Nairobi nako dalali hawezi kumaliza sentensi mbili bila kukuambia kwamba mwenyewe ni mwanamke na analipeleka sokoni na kanisani tu.

Tusidhani ni ujanja wa madalali wa kwetu peke yao. Uingereza wana mzaha wa zamani wa gari lililomilikiwa na mtu mmoja tu, tena mama mwangalifu. Marekani wanaye bibi kizee aliyekuwa akilitoa gari Jumapili kwenda ibadani. Wajerumani wamefika hadi kulitungia neno, Rentnerfahrzeug, yaani gari la mstaafu, na linaandikwa kwenye matangazo kama sifa, sawa na sisi tunavyoandika "full AC". Cha ajabu ni kwamba hakuna nchi ambako utasoma tangazo la gari la kijana wa miaka 23 anayependa kukimbizana usiku. Magari ya vijana hao yanaishia wapi, sijui. Labda nayo hugeuka ya madaktari yakifika sokoni.

Swali lenyewe ni la haki: kazi ya aliyekuwa na gari kabla yako ina uzito wowote? Ina uzito, ila si ule unaouziwa. Kampuni za bima za Uingereza, kwa mfano, humuuliza mteja kazi yake kabla ya kumpa bei, na jibu linaweza kuipandisha au kuishusha bei hiyo. Kwa hiyo wapo watu wa hesabu wanaoamini kwamba kazi inasema kitu. Lakini angalia wanachokipima. Bima inakisia uwezekano wa kuletewa dai, iwe ajali au wizi. Haina habari na hali ya oili, bushi wala gia boksi. Mtu anaweza kuendesha miaka 10 bila kugonga hata ndoo, na injini yake ikawa imekufa kimya kimya.

Kwa nini basi wauzaji wanalishikilia neno "daktari"? Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Marekani gari bovu lililofichwa ubovu wake huitwa limau, na Akerlof alieleza kwamba muuzaji anajua kama analouza ni limau, mnunuzi hajui. Mnunuzi asiyejua anaogopa, akiogopa anatoa bei ya kati. Bei ya kati inamuudhi mwenye gari zuri, anaamua kubaki nalo. Sokoni yanabaki malimau. Wahenga wetu walikuwa wameshaligusa jambo hilo kwa upande wao: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 na wenzake wawili, na mmoja wao, Michael Spence, ndiye aliyeshughulikia upande wa pili wa tatizo: mwenye kitu kizuri afanye nini ili aaminike? Jibu lake ni kwamba atoe ishara ambayo mwenye kitu kibaya ataona ghali kuiiga. Sasa pima mwenyewe. Kitabu chenye miaka sita ya sevisi, kilomita na tarehe zikifuatana, risiti za vipuri zikiwa zimebanwa humo, ni ghali kukiiga. Neno "ya daktari" halina gharama. Hata mwenye limau analiandika bila kutoa senti.

Tuachane na soko, tuingie chini ya boneti, maana huko ndiko kazi ya mtu inakoacha alama, mara nyingi kinyume na tunavyodhani.

Mchukue mwalimu wa Njombe anayekaa kilomita 3 kutoka shuleni. Gari lake lina kilomita chache, halijapata kwenda safari, linalala ndani. Kwenye karatasi ni lulu. Lakini kila asubuhi ya baridi injini inapowaka, mfumo wake huongeza petroli ili isizime, na sehemu ya petroli hiyo haiungui vizuri. Inateremka kwenye oili. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwenyewe nao unapenya huko huko. Kwa kawaida si tatizo: injini ikipata moto na kukaa nao, vitu hivyo vinageuka hewa na kutoka. Ila oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Sindano ya joto inaweza kuwa imeshatulia katikati, mwalimu anajiona yuko sawa, na oili chini bado haijafika. Kabla haijafika, yeye ameshafika shuleni na kuzima. Jioni inarudiwa ile ile. Miaka mitano ya namna hiyo, oili isipobadilishwa kwa tarehe badala ya kusubiri kilomita, inaacha uchafu mzito mweusi kwenye njia zake. Ezosti inaoza kwa ndani, betri haishibi kamwe.

Mchukue na daktari mwenyewe, wa Kimara, anayefanya kazi Upanga. Hapa adui ni foleni. Kilomita za kwenye dashibodi zinahesabu umbali, hazihesabu saa injini iliyokuwa ikinguruma. Gari likitembea kilomita 40,000 kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, injini imefanya kazi saa 2,600 na ushei. Gari jingine lenye kilomita zile zile, lakini kwa wastani wa 60 kwa saa barabara kuu, limefanya saa 660 na ushei. Dashibodi zinasoma sawa, injini moja imefanya kazi mara nne ya mwenzake. Ukijumlisha gia otomatiki inayoshikwa na kuachiwa kila mita 10, feni isiyopumzika, breki zinazokanyagwa mara mia kabla ya Ubungo, utaelewa kwa nini fundi akisikia "haijatembea" huwa anatabasamu tu. Daktari naye, kwa heshima zote, si mtu wa kupata Jumamosi ya kushinda gereji.

Halafu yupo afisa mauzo, ambaye hakuna dalali anayemtaja. Dar, Morogoro, Dodoma, Singida, kulala, kurudi. Gari lina kilomita 160,000 na miaka minne. Wanunuzi wanalikimbia. Lakini injini hiyo inawaka mara chache kwa siku, inapata moto na kubaki nao kwa saa tano, gia ikishaingia ya juu inakaa huko. Kama ni gari la kampuni yenye utaratibu, sevisi ilifanyika kila ilipofika kilomita zake, maana hailipi yeye. Sisemi halijachoka. Shokapu, bolijointi, pedi za breki na beringi za magurudumu zimefanya kazi yake, na kioo cha mbele kina alama za kokoto. Ila hivyo ni vitu unavyoviona, vina bei Kariakoo, unaweza kuviingiza kwenye maongezi. Oili iliyogeuka tope ndani ya injini ya mwalimu mara nyingi huioni hadi uwe umeshalipa.

Kuna jambo lingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawana haja ya kulifikiria sana. Huku mwenye gari na mwenye usukani mara nyingi ni watu wawili. "Gari ya bosi" maana yake bosi alikaa nyuma anasoma simu. Aliyeendesha ni dereva, na bosi akiwa kikaoni kwa saa tatu, dereva alikuwa maegeshoni amelala, injini inawaka ili AC isikatike. Saa zile tatu hazimo kwenye dashibodi. Wikiendi mtoto wa bosi analichukua, na hapo ndipo yule kijana wa miaka 23 aliyekosekana kwenye matangazo anapopatikana. Kwa hiyo hata ukithibitisha kwamba jina kwenye kadi ni la daktari kweli, umejua nani alilipia gari, hujajua nani alilikanyaga.

Zipo kazi ambazo kweli nazipa uzito, na zote ni kazi za gari zaidi ya kazi za mtu. Gari lililobeba samaki wa baharini ni la kwanza. Barafu inayeyuka, maji yenye chumvi yanachuruzika kwenye sakafu na kuingia ndani ya chesisi, na kutu inaanzia mahali ambapo huwezi kufika kwa kitambaa. Anayebeba kutoka Mwanza ana nafuu, samaki wake ni wa maji baridi. Gari la miraa la kutoka Meru nalo lina historia yake: majani yakinyauka hayana bei, kwa hiyo pikapu na Probox zilizofanya kazi hiyo zilikimbizwa hadi Nairobi kama zinafukuzwa. Gari la shule ya udereva, tazama klachi na stata kwanza. Land Cruiser ya watalii iliyopita miaka Ngorongoro na Serengeti imetikiswa hadi kwenye nati za bodi, na kama chujio la hewa halikubadilishwa kwa wakati, vumbi limesugua ndani ya silinda. Ikitoa moshi wa bluu, inakula oili. Hata hivyo kampuni nzuri za utalii zina gereji zao, na gari lao linaweza kuwa limetunzwa kuliko la mwenye nyumba Masaki.

Hata kuishi pwani tu, bila kubeba samaki, kuna uzito kuliko kazi ya mwenye gari. Gari lililolala miaka kumi mita 200 kutoka baharini Tanga au Unguja lina upepo wa chumvi kwenye kila kona, awe mwenyewe ni hakimu au muuza madafu.

Na kabla ya hao wote, kuna Mjapani. "Mmiliki mmoja" kwenye tangazo la Dar maana yake ni mmoja tangu lilipofika bandarini. Toyota IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ukiiona leo na namba E, yaani namba za usajili za karibuni, ujue imeishi sehemu kubwa ya maisha yake Japani, kwa mtu au watu usiowajua. Wajapani wenyewe wamelitatua swali letu kwa njia ninayoipenda. Gari likipelekwa mnadani linakaguliwa na kupewa karatasi yenye alama: daraja la jumla kwa namba, herufi R au RA likiwa limewahi kurekebishwa baada ya ajali, mchoro wa gari wenye kila mkwaruzo na mbonyeo. Pia kuna sehemu ya historia, inayosema lilikuwa la matumizi binafsi, la kukodisha au la biashara. Basi. Hakuna kisanduku cha udaktari. Muuzaji akiwa ameagiza gari mwenyewe, mwombe karatasi hiyo ya asili, kisha linganisha namba ya chesisi. Huku Tanzania rangi ya kibao cha namba inafanya kazi kama hiyo: njano ni binafsi, nyeupe ni biashara.

Karatasi zikikosekana, gari linajisema. Kaa siti ya nyuma kwanza, watu hawafanyi hivyo. Gari la familia huwa limechakaa siti ya dereva, na nyuma kuna makombo ya biskuti tu. Siti ya nyuma ikiwa imelegea upande wa kushoto, na kitasa cha mlango huo kimefutika rangi, limebeba abiria wa kulipa, au bosi. Mpira wa pedali ya breki ulioisha kabisa kwenye gari la "kilomita 60,000" ni dalili kwamba huenda dashibodi imechezewa. Hili si la Kariakoo pekee: mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 kwa mwaka huuzwa huko yakiwa na kilomita za uongo. Soma tarakimu nne pembeni ya tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta mkanda wa siti hadi mwisho wake, tope likiwepo huko ndani, gari limewahi kuoga mafuriko. Fungua kifuniko cha oili uchungulie chini yake, ukikuta tope jeusi ni ile hadithi ya mwalimu. Na nenda asubuhi, bila kutangaza saa, ushike boneti kabla ya kusalimiana sana. Ikiwa ya moto, mtu ameshakuwashia ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi.

Maswali ninayouliza mimi ni mawili. Lilikuwa likilala wapi, na asubuhi likitoka lilikuwa likienda wapi? Mtu aliyeliendesha kweli anajibu bila kufikiri, tena anaongezea habari za shimo lililoko njiani na fundi wake wa Mabibo. Dalali yeye hurudi kwenye hadithi ya daktari. Huwa namwacha aendelee nayo, mimi nikiwa nimeshainama naangalia uvungu.