Gradienti haifuati umbo
Wanafunzi wengi wa Kampala wanaoanza kuchora kwenye kanvasi ya HTML, yaani eneo la kuchorea ndani ya ukurasa wa wavuti, huamini kwamba gradienti, yaani rangi inayogeuka polepole kuwa nyingine, hujinyoosha yenyewe kulijaza umbo. Sivyo. Namba za createLinearGradient, amri inayounda gradienti ya mstari ulionyooka, hupimwa kwa kanvasi, si kwa umbo. Ukiipanga kutoka 0 hadi 100 kwa ulalo, kisha uchore mstatili unaoanzia 300, utapata rangi ya mwisho tupu, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa.

Ruwaza nayo, yaani picha inayojirudia kujaza umbo, huanzia kona ya juu kushoto ya kanvasi, si ya umbo.

Bendera ya Uganda ni zoezi ninalolipenda sana: kwenye gradienti inayoshuka kutoka juu hadi chini, weka nyeusi na njano zote kwenye 1/6 ya urefu wake, zitaachana ghafla bila kufifia. Endelea hivyo hadi mstari wa sita.