Chatu mgeni, mwache kwanza atulie

Wengi wanaoniletea chatu "asiyekula" wamemnunua siku chache tu zilizopita. Kazi yangu hapa Uingereza ni kutibu wanyama watambaao, na mara nyingi mgonjwa huyo huwa hana ugonjwa wowote. Ameshikwashikwa mno.

Nazungumzia chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejikunja duara na kuficha kichwa katikati akiogopa. Kwao Ghana, Togo na Benin, mchana hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Kizimba cha kioo kilicho wazi pande zote, sebuleni kando ya televisheni, kinamtia hofu.

Kizimba kiwe tayari na joto lake kabla hajafika: upande mmoja nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, wa pili 24 hadi 27. Kifaa cha joto lazima kidhibitiwe na thamostati, la sivyo kitamuunguza tumbo. Maficho yawe mawili, moja kila upande. Akiwa na moja tu upande wa baridi, atabaki humo kwa ajili ya usalama, na bila joto chakula hakisagiki tumboni. Yawe madogo pia; akijikunja ndani, mbavu ziguse kuta. Mapango makubwa ya kupendeza yanayouzwa madukani hayampi utulivu huo. Chini tandaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, maana hutunza unyevu.

Kisha mwache. Badilisha maji, ondoa uchafu, basi. Siku 5 hadi 7 asishikwe na mtu, na majirani wasiitwe kumtazama. Najua watoto watalia, lakini shikilia hapohapo.

Baada ya hapo, jioni taa zikiwa zimezimwa, mpe panya wa kugandishwa aliyeyeyuka kabisa na kupashwa kwenye maji moto, unene wake usizidi wa chatu mwenyewe. Tumia koleo refu: chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na mkono wako nao una joto. Ulimi utatoka harakaharaka, shingo itajikunja kama herufi S. Hapo tulia kabisa. Akikataa, mwondoe panya, ujaribu tena wiki ijayo. Akila, usimguse kwa saa 48, asije akatapika. Mimi husubiri ale mara 3 mfululizo ndipo nimruhusu mwenye chatu aanze kumshika, dakika chache tu.

Chatu mzima aliyenona anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Mpime uzito kila wiki. Lakini akipumua kwa mluzi, mdomo wazi, mate yenye mapovu yakimtoka, usingoje: mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.