Karma yoga si "bora liende"

Neno karma limeshazoeleka hapa Moshi. Limebandikwa nyuma ya bajaji, linapita kwenye status za WhatsApp, na mtu akidhulumiwa kiwanja utasikia wenzake wakimpoza: "Mwache, karma itamshughulikia." Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua limeingia baadaye, kupitia video za hamasa na madarasa ya yoga, nalo ni lile la "kutoshikamana na matokeo". Siku hizi fundi anakurudishia simu ambayo kioo chake hakijakaa sawa, ukimwonyesha anakujibu kwa utulivu: "Mama, mimi nimefanya sehemu yangu, matokeo siyashikilii." Mweka hazina wa kikundi cha vikoba hajafunga hesabu tangu Pasaka, akiulizwa anasema amejifunza kuachilia. Wote wawili wanaamini wanaishi hekima ya Wahindu, na hapo ndipo nimeona niseme.

Maana yenyewe haina urefu. Karma ni neno la Kisanskriti, limetoka kwenye mzizi wa kutenda. Karma ni tendo. Juu yake kuna imani kwamba kila tendo lina matunda yanayomrudia mtendaji, katika maisha haya au yatakayofuata, kwa kuwa Wahindu wanaamini nafsi huzaliwa tena. Dharma ni wajibu, ule mwenendo unaoyashikilia mambo yasiporomoke. Karma yoga ni njia ya kumwelekea Mungu kwa kupitia kazi: unatenda linalokupasa, kwa ustadi wako wote, bila kuliacha pato lako likushike usukani.

Fundisho hili linajulikana zaidi kutoka Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, beti 700 katika sura 18, ambazo ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Arjuna, mpiga upinde hodari, amesimama katikati ya majeshi mawili kwenye uwanja wa Kurukshetra. Upande wa pili anamwona babu yake, anamwona mwalimu wake, anawaona binamu zake. Mwili unamwishia nguvu, kinywa kinakauka, ngozi inamwaka, upinde wake unamponyoka mkononi. Halafu anasema kwamba hataki ushindi, hataki ufalme, hataki raha.

Maneno hayo yasikilizeni vizuri, maana yanafanana kabisa na maneno ya mtu aliyeshinda tamaa. Yangewekwa leo kwenye video yenye muziki wa taratibu, watu wangeandika "amina" chini yake. Krishna, ambaye kwa imani ya Wahindu ni Mungu katika umbo la mtu, na ndiye anayemwendeshea gari lake la vita, hayapokei. Anamuuliza unyonge huo umemjia kutoka wapi saa ya hatari kama ile. Kwa nini asiyapokee, na yeye mwenyewe muda si mrefu atafundisha kuacha matunda? Kwa sababu Arjuna hakuacha matunda. Aliacha kazi, na aliiacha kwa kuwa ilimuuma, kisha akaivika huzuni yake nguo ya utawa. Gita yote inaanzia kwenye kosa hilo. Ndiyo maana inanishangaza kuona kitabu hicho hicho kikitumiwa kulihalalisha.

Ubeti unaonukuliwa kuliko yote ni wa 47 katika sura ya 2. Una vipande vinne: haki yako iko kwenye kutenda, haiko kamwe kwenye matunda, usiyafanye matunda kuwa sababu yako ya kutenda, wala usije ukapenda kutotenda. Watu wanakariri vipande viwili vya kwanza na kuishia hapo. Kipande cha nne kimewekwa pale kama kitasa, kwa sababu aliyetunga beti hizi aliwajua wanadamu. Alijua kwamba ukimwambia mtu matunda si yake, jambo la kwanza litakalomjia ni kulala. Na beti tatu mbele, wa 50, yoga yenyewe inaelezwa kuwa ni ustadi katika matendo. Kwa hiyo kioo cha simu kilichobandikwa upande hakina pa kujificha ndani ya Gita.

Tofauti hii haikuachwa kwa wasomi wa baadaye waigundue. Sura ya mwisho, ya 18, inaanza Arjuna akiuliza hasa hilo: kujinyima matendo na kuacha matunda vinatofautianaje? Jibu linagawa kuacha katika aina tatu. Kuna anayeacha wajibu wake kwa kupumbazika, hajui hata anachokiacha. Hiyo ni aina ya giza. Kuna anayeuacha kwa sababu ni mgumu, anaogopa kuuchosha mwili. Huyo, Gita inasema, hapati faida yoyote ya kuacha kwake. Na kuna anayeufanya kwa sababu unapaswa kufanywa, akaacha kuung'ang'ania na kuacha matunda yake. Huyo wa tatu ndiye pekee anayehesabiwa kuwa ameacha kweli, na yeye ndiye yuko kazini.

Mohandas Gandhi, kiongozi wa kupigania uhuru wa India, aliitafsiri Gita kwa Kigujarati, lugha ambayo mpaka leo utaisikia kwenye maduka kadhaa ya mjini hapa, na tafsiri yake akaiita Anasaktiyoga, yaani yoga ya kutoshikamana. Mwaka 1930, mtu huyo huyo wa kutoshikamana alitembea kwa miguu mpaka Dandi, kijiji cha pwani ya India, kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Sijui kama kuna anayeweza kusema Gandhi alikuwa hajali.

Tena kutong'ang'ania kunamfanya mtu aone vizuri zaidi, jambo ambalo wahamasishaji hawalisemi. Mchukue kiongozi wa wageni mlimani Kilimanjaro. Kundi limetoka kambi ya Barafu saa sita usiku, kunapambazuka, wako Stella Point, mita 5,756, na kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiko mbele yao. Mgeni mmoja ameanza kuyumba. Akiambiwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, anashindwa. Ulimi umekuwa mzito. Hizo ni dalili za ubongo kuvimba kwa ajili ya mwinuko, na dawa ya kwanza ni kushuka. Kiongozi mwenye tipu kichwani atajiambia huo ni uchovu tu, imebaki kama saa moja. Kiongozi wa bora liende hatauona mguu wenyewe. Wote wawili wana kitu kilichosimama kati yao na mgeni. Aliyeuweka kando ule mzani wa atapata nini, macho yake yanabaki na kazi, anaona kilichopo, anamgeuza mgeni na kushuka naye muda ule ule, hata kama mgeni analia na kumkumbusha amelipa mamilioni.

Kuna matumizi mengine yananiuma zaidi ya uvivu. Nimemsikia mwajiri akiwaambia vijana wake wafanye kazi kwa moyo "bila kuangalia matunda", mshahara ukiwa umechelewa. Mke naye anaambiwa ndio wajibu wake, asitegemee hata asante. Ubeti wa 47 unamwambia mtendaji kuhusu moyo wake mwenyewe. Haumpi mtu ruhusa ya kula jasho la mwenzake, na anayedaiwa ujira ana wajibu wake pia, ambao ni kulipa. Lazima niseme pia kwamba ndani ya Gita wajibu umegawanywa kwa tabaka nne za jamii, na tabaka hizo zimewaumiza watu wengi sana India. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandaa katiba ya nchi hiyo, aliipinga Gita waziwazi kwa sababu hiyo. Sisi tunaochota kutoka kisima hicho tukiwa Moshi au Arusha hatulazimiki kuchota na hilo. Lakini tukisema "wajibu" tujue neno hilo limewahi kutumika kuwafungia watu mahali.

Wazee wetu wana msemo unaokaribiana na fundisho hili: tenda wema nenda zako. Ni jirani mzuri, ila ndani yake mtu anaondoka akishatenda. Kazi nyingi za karma yoga haziruhusu kuondoka. Mtoto atahitaji uji kesho tena, kahawa itahitaji kupogolewa mwaka ujao tena hata kama bei ya soko la kahawa la New York imeanguka.

Basi ndugu zangu, tukubaliane kidogo. Mkitaka kusema dhuluma italipwa, semeni malipo ni hapa hapa duniani, na kila mtu atawaelewa. Mkichoka, semeni mmechoka. Anayemuuguza mzazi kule Kibosho miaka nenda rudi ana haki ya kuwaambia ndugu zake wampokee zamu, na kufanya hivyo si dhambi kwa Wahindu wala kwetu. Kuomba kupokewa zamu tukuite kupumzika. Kutorudi tena tukuite kuondoka. Jina la karma yoga tumwachie yule ambaye ikifika Jumamosi anapanda Hiace ya Kibosho, anambadilishia baba shuka, anamgeuza ubavu asitoke vidonda, na hajali kama baba bado anamtambua.