Wito wa kijana Mkristo ni nini hasa?

Mwulize kijana wa miaka 15 kanisani kuhusu wito wake, na mara nyingi atakutajia kazi: udaktari, uchungaji, uimbaji. Asipokuwa na la kutaja huona aibu, kana kwamba Mungu amesema na wenzake wote akamruka yeye. Mzigo huo hakustahili kubebeshwa.

Katika Biblia wito humhusu kwanza Yule anayeita. Marko 3:14 inasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri". Mpangilio huo una uzito: kuwa naye kunatangulia, kutumwa kunafuata. Kumfuata Kristo, kumpenda Mungu na jirani, kuishi maisha matakatifu, huo ndio wito wa kila Mkristo, na kijana ambaye hajui atasomea nini tayari anao wote.

Ndani ya wito huo wa jumla kuna wito mahususi wa kila mtu: kazi yake, huduma yake, ndoa au useja. Wakatoliki huzungumzia miito ya ndoa, upadre na utawa (maisha ya watawa), na Sinodi ya Maaskofu (mkutano wao) ya mwaka 2018 ilijadili hasa vijana, imani na mang'amuzi ya miito, yaani namna ya kuupambanua wito. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, alisisitiza kwamba hata kazi ya mkulima au mama wa nyumbani ni mahali pa kumtumikia Mungu. Na kabla yao wote kuna Bezaleli, ambaye Kutoka 31 inasema alijazwa roho ya Mungu ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Kijana mwenye mikono ya ufundi anahitaji kuisikia habari hiyo mapema, maana kanisani husifiwa zaidi wale wanaoshika maikrofoni.

Je, wito mahususi hupambanuliwaje? Kwa kawaida polepole. Daudi alipakwa mafuta na nabii Samweli awe mfalme, lakini mfalme Sauli alipotuma watu kumwita, walimkuta bado yuko na kondoo. Alianza kutawala akiwa na miaka 30. Kijana huomba, husoma Neno, hutazama vipawa alivyo navyo, huona ni shida gani za watu zinazomgusa moyo, kisha husikiliza wanaomfahamu vizuri wanasema nini. Alama moja peke yake haitoshi. Furaha ya jioni moja kambini inaweza kuwa ya kweli na bado ikahitaji kupimwa miezi kadhaa baadaye, akiwa amechoka na hakuna anayempigia makofi.

Hapa ndipo mtu mzima anapohitajika, na mfano bora ni kuhani mzee Eli katika 1 Samweli 3. Samweli, akiwa bado mtoto, alisikia sauti akadhani ni ya Eli. Eli mwenyewe hakutambua upesi. Ilipofika mara ya tatu ndipo alipofahamu kuwa ni Bwana anayemwita mtoto. Kisha hakumwambia Samweli ujumbe ni upi. Alimfundisha namna ya kuitika, "Nena, Bwana", akamrudisha kulala. Asubuhi aliusikiliza ujumbe wote, ingawa ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake.

Kwa hiyo nasema bila kusita: mzazi, mchungaji au mlezi wa vijana asimtangazie kijana, "Bwana ameniambia utakuwa mtumishi wake madhabahuni." Kijana anayempenda Mungu atashindwa kukataa, na huenda akaishi miaka mingi katika ndoto ya mtu mwingine akiamini kwamba kuitoka ni kumwasi Mungu. Unachoweza kusema ni ulichokiona: "Nimeona watoto wadogo wanakukimbilia unapowafundisha. Umelitambua hilo?" Kisha mwachie alipeleke kwenye maombi.

Kuuishi wito hakungoji cheti. Kufanya mtihani bila kuibia, kukaa karibu na mwenzake anayetengwa, kutii nyumbani, kutunza alichoahidi: hayo ni utumishi wa leo. Na apewe kazi halisi kanisani. Afundishe, ashughulikie vyombo vya muziki, atembelee wagonjwa pamoja na mtu mzima, aandae hesabu za kikundi. Vipawa hujulikana vikitumika.

Pengine atajaribu jambo na kugundua si lake. Paulo na wenzake walizuiwa kulihubiri neno katika jimbo la Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa tena, ndipo yakaja maono ya Makedonia (Matendo 16). Kijana akija kusema anaacha kwaya, usimsomee somo la uvumilivu papo hapo. Muulize alijifunza nini humo, ni wakati gani alijiona wa msaada kwa wengine, na angependa kujaribu nini sasa. Kisha umtafutie nafasi ya kukijaribu.