Partisheni isiyoonekana kwenye kompyuta ya mifumo miwili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Umeweka Linux kando ya Windows, mashine inawaka vizuri pande zote mbili. Siku moja unafungua Windows, draivu D haipo. Ukiuliza watu, kila mmoja ana dawa yake, na dawa nyingine zitakumalizia faili. Kinachochanganya ni hili neno "imefichwa". Partisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, inaweza isionekane kwa sababu kadhaa zisizohusiana kabisa, na kinachotibu moja huiua nyingine.

Dhana: isipoonekana, data imepotea

Mara nyingi kilichopotea ni herufi tu. Windows huitambulisha partisheni kwako kwa herufi, C, D, E na kuendelea. Ikikosa herufi, faili ziko palepale ila hazina mlango wa kuingilia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Chini utaona diski imechorwa kama ukanda uliogawanywa visanduku. Kisanduku kilichoandikwa NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili), chenye ukubwa unaoukumbuka na kisicho na herufi, ndicho unachokitafuta. Kibofye kulia ukipe herufi.

Wanaopenda kuandika amri hufungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski, kwa mamlaka ya msimamizi:

list volume
select volume 4
assign letter=E

Hiyo 4 ni mfano. Soma ukubwa kwenye orodha kabla ya kuchagua, maana namba hazifuati mpangilio unaoudhania. Ukikosea, remove letter=E inarudisha mambo yalivyokuwa, na hakuna faili iliyoguswa. Amri ya kuiogopa humo ndani ni clean. Hiyo hufuta jedwali la partisheni la diski nzima, na haikuulizi kama una uhakika.

Dhana: Windows ikitaka diski ifomatiwe, basi diski imeharibika

Hii ndiyo iliyoumiza watu wengi zaidi. Linux kwa kawaida huhifadhi faili zake kwa mfumo wa ext4, na Windows yenyewe haijui kuusoma. Ukiipa partisheni hiyo herufi, inajitokeza kwenye orodha, unaibofya, na kidirisha kinakwambia lazima uifomati kwanza ndipo uitumie. Niliwahi kusimama nyuma ya rafiki yangu alipoikubali ofa hiyo. Sekunde chache tu, Linux yake yote ikaondoka, na diski haikuwa na ugonjwa wowote. Windows ilichosema kwa lugha yake ni "sielewi kilichoandikwa hapa". Funga kidirisha, ondoa herufi, iache kama ilivyo.

Kuna wanaoshauri utumie wsl --mount, amri ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kusoma ext4 ukiwa ndani ya Windows. Amri hiyo ipo na inafanya kazi, ila huchukua diski nzima, si partisheni moja. Kwa hiyo haiwezi kutumika kwenye diski ileile ambayo Windows imewakia. Kama laptopu yako ina diski moja tu iliyogawanywa, hapo umegonga ukuta. Rahisi zaidi ni kutenga partisheni ya tatu ya NTFS au exFAT (mfumo mwingine wa kupanga faili) kwa faili za pamoja. Zote mbili Linux inazisoma na kuziandikia.

Dhana: Linux ikikataa kufungua partisheni ya Windows, kosa ni la Linux

Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuzima kompyuta si kuzima kamili. Windows huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski ili iwake haraka kesho, na huiacha NTFS katika hali ya "bado natumia". Linux ikiikuta hivyo hukataa kuifungua, au huifungua kwa kusoma tu. Na inafanya vyema, kwa sababu kuandika juu yake kunaweza kuvuruga faili. Ingia Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima. Au chagua kuwasha upya badala ya kuzima, kwani kuwasha upya hufunga kila kitu.

Ikiwa partisheni imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalogeuza data kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, hilo ni jambo jingine: utahitaji ufunguo, na ule wa dharura una tarakimu 48.

Dhana: kila kilichofichwa kifichuliwe

Hapana. Ile partisheni ya EFI, mara nyingi ya MB 100 hivi, ndiyo yenye faili za kuwashia mifumo yote miwili. Nyingine ni ya urejeshaji. Zimenyimwa herufi makusudi. Anayezifuta "kuongeza nafasi" anapata megabaiti chache na mashine isiyowaka.

Dhana: kuficha partisheni ni kuilinda

Kwenye diski za mtindo wa MBR (jedwali la partisheni la zamani), kuficha NTFS ni kubadili namba moja inayotaja aina ya partisheni, kutoka 07 kwenda 17. Basi! Hata baadhi ya programu za kuchagua mfumo wakati wa kuwasha hufanya hivyo zenyewe, na ndiyo maana draivu hutoweka bila mtu kuigusa. Kwenye GPT, jedwali la kisasa, ni biti tu zinazowashwa. Mtu yeyote mwenye flashi ya Linux akiandika lsblk -f ataiona pamoja na jina lake. Ukitaka siri, simba data, yaani zigeuze msimbo usiosomeka bila ufunguo. Na kama hiyo namba ndiyo iliyokufichia draivu yako, parted, programu ya Linux ya kusimamia partisheni, itairudisha: set 2 hidden off, ambapo 2 ni namba ya partisheni husika.

Dhana: Windows isipotokea kwenye menyu ya GRUB, partisheni yake imefutwa

GRUB ni programu inayokuuliza uwashe mfumo upi, na toleo lake la 2.06, lililotoka 2021, liliacha kutafuta mifumo mingine lenyewe. Ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, hakikisha os-prober, programu inayotafuta mifumo mingine, imesakinishwa, kisha kwa Ubuntu na ndugu zake endesha sudo update-grub. Ikiiona Windows, itaandika mstari unaoitaja kabla hata hujawasha upya.